Wamelisema Vibaya Gari Unalolitaka? Bishana Nao Hivi

Mtu anayetafuta gari la familia siku hizi huanzia kwenye simu. Anataka la juu kidogo, lenye viti vitano na buti la kutosha, tuseme Mazda CX-5 au Nissan X-Trail, kisha anaanza kusoma walivyolichambua wenye kazi hiyo huko Uingereza, Marekani na Australia. Haipiti nusu saa ameshanywea. Mmoja ameandika kwamba injini ni goigoi. Mwingine kasema gari linalala mno kwenye kona. Akizipeleka habari hizo kwa shemeji yake ndiyo kabisa: "Si nilikwambia, shemeji? Hilo halichanganyi, tafuta kama langu." Na shemeji naye, kama walivyo wenye magari wengi, lake hawezi kulisema vibaya mpaka siku atakapoliuza.

Uchambuzi mkali usiumeze wote, na usiutupe wote. Ubishie, tena kwa maswali. La kwanza ni hili: gari walilolisema ndilo hilo utakalolinunua?

Swali linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalowapotosha wengi. Chukua X-Trail ya toleo la T32, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013 na ambayo leo huikosi kwenye yadi za Dar es Salaam wala za Mombasa. Ile ya Japani ya kawaida ina injini ya petroli ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 147. Waingereza walipoipokea mwaka 2014 waliletewa dizeli ya lita 1.6, farasi 130. Marekani gari hilo hilo linaitwa Rogue, linatumia petroli ya lita 2.5, na farasi wake ni 170. Mwingereza akilalamika kwamba gari linachelewa kuamka ukikanyaga mafuta, analalamikia injini ambayo wewe hutaiona. Mmarekani akisema nguvu inatosha, naye anasifia injini ambayo hutaiona.

Kwa CX-5 mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu namba ya chasisi inajieleza. Kwenye toleo la kwanza, namba ikianza na KEE ni petroli ya lita 2.0, KE5 ni petroli ya 2.5, na KE2 ni dizeli ya 2.2. Soma herufi hizo kwanza, kisha ndipo uanze kusoma maoni ya watu.

Na kwa CX-5 wachambuzi hawakukosea. Ilipotoka mwaka 2012 waliusifia usukani wake na namna linavyoshika kona, lakini Wamarekani wakaisema sana ile injini ya lita 2.0 yenye farasi 155: wakasema gari linaendeka vizuri ila linaomba nguvu zaidi. Mazda haikubishana nao. Kwenye modeli ya mwaka 2014 ikawaletea injini ya lita 2.5 yenye farasi 184. Kwa hiyo anayekwambia KEE ni nzito kwenye mlima hajakudanganya. Unachotakiwa kumuuliza ni kama mlima wenyewe unao. Injini ile ina cc 1,997, na ushuru wa bidhaa wa Tanzania hupanda injini ikivuka cc 2,000. Nguvu ya ziada utailipia bandarini, halafu utaendelea kuilipia kituoni kila ukijaza mafuta. Mtu anayetoka Tabata kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni, foleni tupu, ile 2.5 atakuwa ameinunua kwa ajili ya safari ya Krismasi.

Swali la pili: huyo aliyelipima alilipimia wapi, na alikuwa amebeba nini?

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Nairobi na Mbeya zote ziko kwenye mita 1,700 hivi. Zile farasi 155 zilizoandikwa kwenye karatasi zikifika huko zinabaki kama 130. Mchambuzi aliyeko London, karibu kabisa na usawa wa bahari, hawezi kukwambia hilo, maana halijamkuta. Ndiyo sababu mimi kwenye suala la nguvu nawaamini zaidi waandishi wa Johannesburg: mji wao uko juu karibu sawa na Nairobi, na usukani wao uko kulia kama wetu. Mkazi wa Tanga au Zanzibar hili lisimsumbue. Wa Eldoret, Njombe au Arusha alitilie maanani, na akiona turbo aiangalie mara mbili.

Halafu mzigo. Mchambuzi huliendesha gari akiwa peke yake, pengine na mpiga picha. CX-5 ya lita 2.0 ina uzito wa kama kilo 1,450. Weka watu wazima watano wa kilo sabini sabini, ongeza kilo 100 za mabegi, mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi: umeongeza kilo 450, karibu theluthi ya uzito wa gari lenyewe. Washa na kiyoyozi. Gari lililoitwa "la wastani" na mtu aliyekaa peke yake, kwako linaweza kuwa zito kwelikweli. Hapa uchambuzi unakosea kwa kukuonea huruma.

Tena, ile namba wanayoipenda, ya sekunde kutoka sifuri hadi 100, ina kazi ndogo sana kwa familia. Nani anaondoka Chalinze kwa mtindo huo, na vijiji vyote vina kibao cha 50 na askari mwenye tochi chini ya mwembe? Namba yenye faida ni ya kutoka 60 kwenda 100, kwa sababu hiyo ndiyo ya kulipita lori. Piga hesabu. Lori lenye tela linakwenda 60, wewe unalipita kwa 90. Ukijumlisha urefu wake, wa gari lako, na nafasi ya mbele na nyuma, inabidi umzidi kwa mita 60 hivi. Hiyo ni zaidi ya sekunde saba, na ndani ya muda huo utakuwa umekwenda mita 180. Basi linalokuja mbele kwa 80 litakuwa limekwenda mita 160. Kwa hiyo unahitaji barabara tupu ya mita 340, na hapo nimekuhesabia kama mtu ambaye tayari yuko kwenye 90. Gari likichelewa kuchanganya kutoka 60, zinaongezeka. Mchambuzi akilalamika juu ya kulipita gari jingine barabara kuu, msikilize kuliko anapolalamikia kuondoka kwenye taa.

Na usitazame farasi peke yake. Ile dizeli ya 2.2 ya CX-5 ina nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 420, nayo inaipata kwenye mizunguko 2,000 tu. Petroli ya 2.0 haifiki hata nusu ya hapo, na mpaka ikutolee hicho kidogo ni kwenye mizunguko 4,000. Kupanda Kitonga ukiwa umejaza gari, tofauti hiyo unaisikia kwa masikio: dizeli inanguruma na kupanda, petroli inashusha gia na kupiga kelele. Lakini dizeli hiyo nayo ina masharti. Ina kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kujichoma injini ikipata joto na mwendo wa maana. Ukiifanya ya kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi, kitaziba, na bili ya fundi utaikumbuka. Waliosifia dizeli waliandika kwa ajili ya watu wa safari ndefu.

Kelele ya gia boksi ya CVT ni lalamiko jingine utakalolikuta kila mahali, hasa kwa X-Trail. Injini inalia, mwendo unapanda taratibu. Kulia kwenyewe ni suala la kuzoea. La kuuliza ni joto: kwenye mlima mrefu baadhi ya gari za CVT hujipunguzia nguvu zenyewe ili kuilinda gia boksi, na mafuta ya gia yakiwa yamechoka au si ya aina yake hali huwa mbaya zaidi. Hilo halikumpata mchambuzi, maana lake lilikuwa jipya.

Sasa tuje kwenye kona.

Gari la juu likilala kwenye kona, wengi wanaona hatari. Mara nyingi si hatari, ni ulaini. Springi na shokapu laini ndizo zinazokufanya uvuke rasta na matuta ya kutoka Kibaha hadi Mdaula bila mtoto wa nyuma kuamka. Mwandishi wa Uingereza mwenye barabara nyembamba za kupindapinda vijijini anapenda gari gumu, na gumu humpa alama. Mwandishi wa Australia amepita vumbi na barabara yenye makorongo madogo madogo, kwa hiyo hupenda laini. Ukiona wote wawili, na Mmarekani juu yake, wanalalamikia kitu kimoja, basi kitu hicho ni cha gari. Akilalamika mmoja, huenda ni cha barabara yake. Mimi kwa barabara zetu ningechagua gari lililoitwa "laini mno" kabla ya lililoitwa "la kimichezo", na sitaomba radhi kwa hilo.

Rimu nazo huingia hapa. CX-5 ilitoka na tairi za 225/65R17 au 225/55R19. Kwa hesabu ya namba hizo, ukuta wa tairi ya rimu 17 una milimita 146, na wa rimu 19 una 124. Milimita 22 si nyingi ukiziona kwenye rula, lakini kwenye shimo la usiku ndizo zinazoamua kama rimu itapona. Wachambuzi wengi hupewa gari la rimu kubwa kwa sababu linapendeza pichani, kisha wanalalamika kwamba linagonga. Chukua la rimu 17 uone kama lalamiko litabaki.

Kuna malalamiko ambayo sikushauri uyabishie. Ni yale ya gari kupoteza mwelekeo. Aprili 2010 jarida la Marekani la Consumer Reports liliipa Lexus GX 460, ndugu wa damu wa Prado 150, onyo la kutonunuliwa. Walipoingia kwenye kona kwa kasi na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma iliteleza mpaka gari likakaribia kukaa ubavu kabla mfumo wa kuzuia utelezi haujafanya kazi yake. Toyota ilisimamisha mauzo, ikarekebisha programu ya mfumo huo, na jarida likapima tena na kuliondoa onyo Mei mwaka huo huo. Mwaka 2019 Teknikens Värld ya Sweden iliijaribu RAV4 kwa kukwepa ghafla kizuizi kinachowakilisha mnyama aliyekatiza barabara, magurudumu yakanyanyuka. Sisi wenye ng'ombe, punda na bodaboda hilo jaribio twalifanya bila kuandikishwa. Ukikuta habari ya aina hiyo, tafuta kama mtengenezaji alirekebisha, na kama gari unalolitaka lilifanyiwa marekebisho hayo. Mizigo mizito usiifunge juu ya keria. Hupandisha juu kitovu cha uzito cha gari, na hata lililofaulu jaribio litaanza kuyumba.

Baada ya kusoma, ubishi unahamia yadi. Usikubali kuzungushwa mtaa mmoja na dalali aliyeweka muziki juu. Nenda na watu wako wanne, wakae. Zima redio, washa kiyoyozi. Tafuta mlima, kwa Dar hata ule wa kutoka Ubungo kwenda Kimara unatosha. Panda kwa 50, kanyaga taratibu, usikilize kama gia inashuka mara moja na kutulia au inahangaika juu chini. Kwenye barabara nyoofu, nenda 60, kisha kanyaga mpaka 90 huku mwenzako akihesabu sekunde. Pita rasta kwa 30 bila kufunga vioo vyote: mlio wa kugongagonga ni bushi au linki za stebalaiza. Zunguka kipilefti kwa mwendo wa kawaida na umuulize aliyekaa nyuma, maana dereva ana usukani wa kushikilia na hasikii kulala kwa gari kama abiria.

Kabla hujasema lolote kuhusu namna linavyoshika barabara, inama utazame tairi. Kwenye ukuta kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu iliyokauka inaweza kuwa na kashata nzima na bado iteleze mvua ikinyesha. Bonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu na uachie: likirudi na kutulia, shokapu zina uhai, likiendelea kudunda, umepata hoja ya kupunguziwa bei.

Na kama umeshalinunua gari lililosemwa, usikimbilie kuliuza wala kulipandisha kwa spesa. Anza na upepo wa tairi kama ulivyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha tairi zenyewe, mizani ya magurudumu, bushi, na mwisho shokapu. Upande wa nguvu, kichujio cha hewa na plagi huja kabla ya mafundi wa kuongeza chochote. Shemeji mpe usukani baada ya hapo, ukiwa umejaza watu.