Kibali cha Kazi kwa Mgeni: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, aliyezaliwa katika makazi ya Katumba au Mishamo, huenda akaambiwa na mwajiri kwamba hawezi kuajiriwa bila kibali cha kazi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, na ajiulize: je, mimi ni raia? Watu wengi waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania, na wengi walianza kukabidhiwa hati zao mwaka 2014. Mwenye hati hiyo ni raia. Hahitaji kibali, na anayemdai ada yake anamdhulumu.

Anayehitaji kibali ni asiye raia. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Herufi za madaraja huwachanganya wengi, wala si ajabu. Mhasibu wa kigeni huombewa kibali cha kazi Daraja C; lakini kibali chake cha ukaazi, kwa kuwa ni mwajiriwa, ni Daraja B. Mkimbizi huwekwa Daraja E la kibali cha kazi, naye huhitaji pia ruhusa ya kutoka katika makazi aliyopangiwa.

Mzigo mkubwa wa maombi ni wa mwajiri. Yeye ndiye hueleza jinsi alivyomtafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na hutayarisha mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Mfanyakazi huchangia vyeti vyake, wasifu, picha na nakala ya pasipoti, na hutia saini mkataba. Mwajiri anayesema "kajitafutie kibali mwenyewe" anakwepa wajibu wake. Kwa kuwa kibali hutaja mwajiri na kazi, anayehamia kwa mwajiri mwingine huombewa kipya.

Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mtu akitaka fedha mkononi, au zitumwe kwenye simu yake binafsi, usimpe, hata akionesha kitambulisho. Mwombe namba hiyo, kishoka hana.