Paa la Mmoja, Migongo ya Wengi

Ukifika Ogimachi, kitongoji cha kijiji cha Shirakawa katika milima ya mkoa wa Gifu, Japani, usikimbilie simu kupiga picha. Simama kwanza, tazama mapaa. Yamesimama wima kama nyuzi 60 hivi, mithili ya viganja vya mtu anayeomba dua. Ndiyo maana mtindo huo huitwa gassho-zukuri, yaani ujenzi wa viganja vilivyokutanishwa.

Kwa nini wima hivyo? Jibu la kwanza ni theluji. Huko huanguka nyingi, tena nzito. Paa lililolala lingeelemewa. La pili ni riziki. Chini ya paa kuna dari za ghorofa mbili tatu, ambamo zamani familia zilifuga viwavi wa hariri. Hata moshi wa meko haukupotea bure: ulipanda, ukakausha nyasi na kufukuza wadudu. Ukiingia nyumba ya Wada, iliyo wazi kwa wageni, panda darini uone boriti na fito za paa zilivyofungwa kwa kamba, si kwa misumari.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Paa hilo hudumu miaka 30 hadi 40, kisha lazima liezekwe upya, na familia moja haiwezi. Wenyeji wana utaratibu uitwao yui: leo wote wanaezeka kwako, kesho wewe unakwenda kwa jirani. Sisi tungesema ujima, au msaragambo. Deni halilipwi kwa fedha, linalipwa kwa mgongo.

Lakini watu walihama, nyumba zikauzwa na kubomolewa. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi wakakubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. UNESCO ilikuja baadaye kabisa, mwaka 1995, ikakiorodhesha kitongoji hicho pamoja na vile vya Gokayama kuwa urithi wa dunia.

Kumbe basi, urithi haukuanza na cheti. Ulianza na majirani kukubaliana. Leo watalii wanaleta kipato, ila wengine wanachungulia madirisha wakisahau kuwa mle ndani watu wanaishi. Na sehemu kubwa ya uezekaji sasa hufanywa na mafundi kwa msaada wa ruzuku.

Swali la kujadili hosteli usiku huu: paa likibaki lakini yui ikafa, tumehifadhi nini hasa?