Sikio Moja Halitoshi: Namna ya Kubishana Kuhusu Jazi Huru

Januari 1962 jarida la muziki la Marekani, Down Beat, lilichapisha tahakiki mbili za albamu moja. Albamu yenyewe ilikuwa Free Jazz ya mpiga saksafoni Ornette Coleman. Mhakiki mmoja, Pete Welding, aliipa nyota tano, yaani alama za juu kabisa. Mwenzake, John Tynan, hakuipa hata nyota moja. Santuri ni ileile, dakika ni zilezile 37, na wote wawili walikuwa wanaijua jazi. Kwa lugha yetu ya chuo, mmoja kaweka A, mwingine kaweka sifuri.

Sisi tuliolelewa na mwongozo wa kusahihishia tunauliza harakaharaka: sasa nani alikosea? Makala hii inasema swali hilo linakuja mapema mno. Kabla ya kumtafuta aliyekosea kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo inafundishika. Mwaka jana wakati wa BTP mjini Sumbawanga tuliifanya sisi wenyewe, wanafunzi watano, kwa albamu hiyohiyo. Naieleza hapa kama somo, hatua kwa hatua, kwa faida ya mwalimu tarajali yeyote anayetaka kubishana bila kupoteza muda.

Jazi ipi tunayoisema?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwetu Tanzania ukisema jazi, mzee anafikiria bendi ya dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932, Morogoro Jazz 1944, NUTA Jazz 1964. Western Jazz walikuwa na mtindo wao wa Saboso, NUTA walikuwa na Msondo, Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na Kiweka. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi, saksafoni, waimbaji, na watu katikati ya ukumbi wanacheza.

Marekani nako jazi ilianza kama muziki wa watu kucheza. Kufikia miaka ya 1950 sehemu kubwa yake ilikuwa muziki wa kukaa na kusikiliza, lakini bado ilikuwa na mifupa inayoonekana: wimbo unaojulikana, mapigo yanayohesabika, na mfuatano wa kodi unaozunguka. Mpigaji alibuni papo hapo, ila alibuni juu ya mzunguko huo. Coleman aliuondoa mzunguko. Alipopiga katika klabu ya Five Spot jijini New York mwishoni mwa 1959, wanamuziki wenzake waligawanyika palepale, wengine wakimwona mkombozi na wengine wakimwona tapeli. Tarehe 21 Desemba 1960 akaingia studio na wenzake saba, makundi mawili ya watu wannewanne, wakapiga kwa pamoja. Hiyo ndiyo Free Jazz, na kutokana nayo aina nzima ya muziki ikapata jina. Hapa nitaiita jazi huru.

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili tayari anaijua hadithi hii. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wanamapokeo shairi bila vina na mizani halikuwa shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na mgogoro wa mashairi huru ukawaka. Wengine walisema ni ukombozi, wengine wakasema ni uvivu wa mtu asiyeweza kupanga mizani. Ukibadilisha majina tu, unapata ugomvi wa Welding na Tynan. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mjadala wa jazi huru ni wa Wazungu au wa Wamarekani peke yao. Sisi tunaufanyia hadi mtihani.

Jinsi ubishi ulivyoanza

Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Julai baridi yake si ya mchezo. Jioni ukishamaliza maandalio ya somo huna pa kwenda, unajifunika blanketi. Mmoja wetu alikuwa na kadi ya memori iliyojaa jazi, na ndivyo tulivyoipata Free Jazz getoni kwetu.

Maoni ya jioni ya kwanza yalikuwa mawili. La kwanza: "Hizi ni kelele." La pili: "Hamuelewi, huu ni muziki wa watu wenye akili." Tukabishana kama saa nzima na hakuna aliyesogea. Ukiyaangalia vizuri, maoni yote mawili yana ugonjwa mmoja: hakuna linalotaja hata sauti moja iliyosikika. La kwanza linaeleza hasira ya msemaji, la pili linaeleza majivuno yake. Muziki wenyewe haumo.

Ubishi wa maana ulianza pale mwenzetu anayefundisha kwaya aliposema: "Inanikumbusha mazoezi ya kwaya, sauti ya kwanza kona ile, ya pili kona hii, tena ya tatu na besi nje, kila kundi na mstari wake." Hilo ni oni. Linaweza kupimwa. Na kweli mwingine akalipima: "Hapana, kwenye mazoezi kila kundi linaziba masikio lisivurugwe na wenzake. Hawa wanajibizana. Sikiliza, mmoja akipiga kitu, mwingine anakidaka na kukigeuza." Tukarudisha nyuma, tukasikiliza. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Tukagundua pia kuwa vurugu ile ina mpangilio: kila mpigaji anapata zamu ya kuongoza, na kati ya zamu na zamu kuna vipande vifupi vilivyotungwa ambavyo bendi inavipiga pamoja. Aliyesema "kelele" hakuwa amevisikia. Aliyesema "wenye akili" naye hakuwa amevisikia.

Sikio la kushoto na la kulia

Jioni ya pili spika ilikuwa imeisha chaji. Wawili kati yetu wakagawana eafoni moja, huyu sikio la kushoto, yule la kulia. Baada ya dakika kumi ubishi ukawa mkali kuliko wa jana. Mmoja anasema tarumbeta hili linapigwa kwa upole kama mtu anayejisemesha, mwenzake anasema tarumbeta gani la upole, hili linang'aa na lina kasi. Mmoja anasikia klarineti ya besi ikinguruma, mwingine anasema hakuna chombo kama hicho.

Kumbe wote walikuwa wanasema kweli. Coleman aliwatenganisha wanamuziki wake kwenye stereo. Kushoto yuko yeye mwenyewe, Don Cherry kwenye tarumbeta dogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye dramu. Kulia yuko Eric Dolphy na klarineti yake ya besi, Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi na Ed Blackwell kwenye dramu. Wenzetu wale walikuwa wamekaa kitanda kimoja, wanashika waya mmoja, na kila mmoja anasikiliza bendi nyingine.

Mimi naona hilo ndilo somo lenyewe. Mara nyingi watu wawili wakibishana juu ya kitu kigeni, kila mmoja ana sikio moja tu, na hajui. Dawa yake si kupaza sauti. Dawa ni kumwambia mwenzako: wewe unasikia nini hapo? Halafu mbadilishane waya.

Mzee mwenye nyumba naye tulimwekea. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa, akasikiliza kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Wanangu, hawa wamekosana?" Tukacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Akafafanua: kwenye Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe gitaa la solo linazungumza, ridhimu linaitikia, besi linabeba mzigo, kila mtu na kazi yake. Hawa kila mmoja anapiga solo, hakuna wa kuitikia. Hakuipenda, na mpaka tunaondoka hakuipenda. Lakini kwa maneno machache alikuwa ameeleza kilichobadilika katika jazi huru vizuri kuliko sisi tuliokesha nayo. Mtu anaweza kukataa muziki na bado akawa msikilizaji mzuri.

Mbona Kiswahili kimo humo?

Kuna sababu nyingine ya sisi kuingia katika mjadala huu bila kuomba ruhusa. Wakati uleule Wamarekani Weusi walikuwa wanapigania haki zao huku wakitazama Afrika inavyojitawala, na lugha yetu ikaingia kwenye santuri zao. Novemba 1960, mwezi mmoja kabla ya Coleman kuingia studio, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika. Hiyo si jazi huru, ni bendi kubwa iliyopangwa kwa makini, lakini maneno ya Kiswahili mle yalisomwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alijulikana sana katika siasa za nchini.

Miaka kumi baadaye mpiga piano Herbie Hancock aliunda kundi la watu sita lililokaa mpakani mwa jazi huru, na albamu yao ya 1971 inaitwa Mwandishi. Hilo ndilo jina alilojipa, kwa kuwa ni mtunzi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, mpiga tromboni Julian Priester akawa Pepo Mtoto, Bennie Maupin akawa Mwile. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, na huyu alikuwa daktari kweli, mwenye shahada ya udaktari. Majina hayo waliyapata kwa mwanamuziki mwenzao, James Mtume. Kipande cha kwanza, kilichotungwa kwa heshima ya Angela Davis, kinazunguka kwa mapigo 15. Jaribu kukihesabu kwa mguu, utaona unavyopotea na kurudi.

Getoni tuliligombania jina la Pepo Mtoto. Mmoja alisema ni kosa la sarufi, mwingine akasema mbona tunasema mbwa mtoto na hakuna anayelalamika. Ona basi: hapa sisi ndio wenye sikio ambalo mhakiki wa New York hana. Hatusikilizi kama wageni waalikwa.

Andalio la kusikiliza

Mkitaka kujaribu, kaeni watu wasiozidi sita na mfuate hatua hizi.

Kwanza, chagueni kipande kifupi. Dakika tano za Free Jazz zinatosha kuanzia, na bando halitaumia. Sikilizeni bila kuongea.

Pili, kila mtu ataje vitu vitatu alivyovisikia, bila neno la sifa wala la lawama. "Dramu mbili zinakwenda kwa kasi tofauti" inakubalika. "Mbaya" na "kali sana" hazikubaliki bado.

Tatu, kila mtu afananishe na kitu anachokijua: kwaya, soko, mnada, shairi, ngoma ya kwao. Wenzake waseme mfano unafaa wapi na unavunjika wapi.

Nne, rudieni dakika zilezile mkiwa mmebadilishana masikio.

Tano, sasa toeni hukumu. Anayesema haipendi aseme kwa sababu ya nini alichosikia. Anayeipenda naye vilevile, asijifiche nyuma ya jina kubwa la Coleman.

Tulipofuata utaratibu huu hatukumaliza tukiwa na oni moja. Wawili waliipenda, wawili hawakuipenda, na mmoja alipenda kundi la kulia tu.

Darasani inahusu nini?

Mtu anaweza kuuliza, jazi ya Marekani inamsaidia nini mwalimu wa Kiswahili kidato cha pili? Inamsaidia siku mwanafunzi anaposimama na kusema, "Mwalimu, hili si shairi." Niliambiwa hivyo na binti mmoja wa dawati la nyuma nilipokuwa nafundisha shairi huru. Jibu tulilolizoea ni "kaa chini, kitabu kimesema ni shairi." Badala yake nilimuuliza amesikia nini. Akasema mistari haina vina, mingine mirefu mingine mifupi. Mwenzake akaongeza kwamba kuna neno limerudi mara nne, kila mara mwanzoni mwa mstari. Kengele ilipolia binti bado anasema si shairi. Lakini sasa alikuwa na ushahidi, na darasa zima lilikuwa limelisoma shairi mara tatu bila kulazimishwa. Mwongozo wa kusahihishia hauna alama kwa jambo hilo. Sisi tutakaousahihisha mtihani wake inabidi tuamue mapema kama tutampa X.

Na jambo hili halikomei kwenye muziki wala ushairi. Vituo vya BTP vilipotoka, waliopangiwa Sumbawanga tulipewa pole na utani wa uchawi na watu ambao hawajawahi hata kufika Tunduma. Wenyeji wenyewe wanalieleza jina la mji wao kwa Kifipa kuwa ni kutupa uchawi. Oni la watu wale lilikuwa la sikio moja, tena la kuazima.

Kwa hiyo Welding na Tynan waacheni na nyota zao. Ukikutana na kitu usichokielewa, kiwe santuri, shairi au mji, usiseme kwanza kina thamani gani. Sema umesikia nini, umekaa upande gani wa waya, kisha mpe mwenzako nafasi aseme la kwake.