SOMO LA KIKUNDI: Mhudumu wa Afya Aliye Mwenyeji Asomeshwe Vipi?



Somo letu safari hii linatoka Australia. Tunaangalia vile Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanavyosomea kazi ya afya. Ni mbali, lakini swali lao mnalijua: mtu wa kijijini akichaguliwa kuhudumia wenzake, atabaki msaidizi maisha yake yote ama atapata njia ya kupanda? Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Shida yenyewe

Waingereza walianza kukaa Australia mwaka 1788. Waaborijini walinyang'anywa ardhi, na wengi wakawekwa kwenye kambi na vituo vya kutengwa. Vituo vingine viliendeshwa na misheni, na sisi watu wa kanisa tusilifiche jambo hilo. Watoto wengi walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao. Ndiyo sababu mpaka leo wako wazee wanaoogopa kuingia hospitali.

Matokeo yake yanaonekana. Kwa hesabu za miaka 2020 hadi 2022, Mwaborijini hutarajiwa kuishi miaka ipatayo 8 pungufu kuliko Waaustralia wengine. Kisukari, figo na moyo ndiyo magonjwa yanayowasumbua sana.

Chukua mfano mmoja. Kuna ugonjwa wa moyo ambao mara nyingi huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Ili usirudi, mtoto huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Dawa ipo. Lakini ni nani atakayemfuata mtoto huyo, mwezi baada ya mwezi, akihama kutoka kwa mama kwenda kwa nyanya? Daktari mgeni hukaa kidogo akaondoka. Anayejua mtoto amelala wapi jana ni mtu wa hapo hapo.

Tena kuna mila. Mambo ya wanawake hushughulikiwa na wanawake, na ya wanaume na wanaume. Katika jamii nyingi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani wala kuongea. Mgeni asiyejua hayo ataharibu kazi kwa siku moja.

2. Walivyoanza

Katika miaka ya 1950 na 1960, huko Northern Territory, Waaborijini wachache walifundishwa kusaidia kutunza wagonjwa wa ukoma. Walikuwa mikono ya daktari, basi. Cheo hawakuwa nacho.

Mwaka 1971, Waaborijini wa Redfern, mjini Sydney, walifungua zahanati yao wenyewe, inayosimamiwa na kamati ya wenyeji. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Shirley Smith, mama aliyejulikana na wengi kama Mum Shirl. Mwaka 1973 watu wa Alice Springs wakaanzisha shirika lao, Congress. Leo mashirika ya afya ya namna hiyo yanapita 140. Hayo ndiyo yaliyosukuma sana jambo hili: mtu wetu asomeshwe, alipwe, atambuliwe.

3. Ngazi ya masomo

Sasa njia iko wazi, kama ngazi. Mtu huanza na cheti cha daraja la 2, akaenda la 3, kisha la 4, halafu diploma. Anajifunza kupima presha na sukari, kufunga vidonda, kutunza mama na mtoto, kuandika kumbukumbu na kutoa dawa kwa utaratibu. Aliyekuwa akifanya kazi miaka mingi bila karatasi anaweza kupimwa ujuzi wake, na yale anayoyajua tayari yakahesabiwa. Harudishwi mwanzo kama mtoto wa nasari.

Northern Territory ilipitisha sheria ya kuwasajili wahudumu hawa mwaka 1985. Nchi nzima ilifuata tarehe 1 Julai 2012. Anayetaka kusajiliwa lazima awe Mwaborijini au mtu wa visiwa vya Torres Strait, na awe na cheti cha daraja la 4 cha utabibu. Kila mwaka anaandikisha upya na kuonyesha kwamba bado anaendelea kujifunza. Mtu mwingine akijiita kwa jina hilo la kazi bila usajili, anavunja sheria.

4. Kusoma bila kuhama

Hapa ndipo pana funzo kubwa. Mama mwenye watoto hawezi kwenda chuo miaka miwili. Kwa hiyo masomo mengi hupangwa kwa vipindi: wiki moja au mbili chuoni, kisha unarudi kazini na kujifunza chini ya msimamizi. Chuo cha Batchelor, kilomita kama 100 kusini mwa Darwin, kimejulikana kwa mtindo huu. Serikali ina mfuko wa kulipia nauli na malazi ya wanafunzi hao. Pia kuna msaada wa masomo unaoitwa kwa jina la Puggy Hunter, kiongozi wa afya wa Waaborijini aliyefariki mwaka 2001.

Je, mambo yote ni mazuri? La. Msiba ukitokea, mwanafunzi hawezi kuacha maziko akakae darasani. Masomo ni ya Kiingereza, na kwa wengine hiyo ni lugha ya tatu au ya nne. Mhudumu huamshwa usiku na jamaa, na mgonjwa akifa lawama ni zake. Wengine huchoka wakaacha kazi. Cheti peke yake hakimbebi mtu. Anahitaji jamii nyuma yake.

5. Sisi je?

Yethro alipoona Musa anachoka peke yake, alimshauri achague watu wanaofaa na kuwagawia kazi (Kutoka 18). Kabla ya hapo alimwambia afundishe. Kuchagua bila kufundisha ni kumtwika mtu mzigo bila kata.

Hapa Kenya, mwezi wa Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa. Bila shaka mmoja wao ni jirani yenu.

Maswali ya kujadili

1. Mhudumu wetu ni nani? Alifundishwa nini, na ana cheti gani?
2. Akitaka kuendelea na masomo, ni nini kinachomzuia: karo, nauli, watoto ama mume?
3. Akienda mafunzo wiki mbili, nani atamchungia ng'ombe na kupikia watoto?
4. Tunamsaidia vipi anapolaumiwa bure?

La kufanya: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wamtembelee mhudumu na kumwuliza anahitaji kujifunza nini. Mweka hazina aseme kikundi kinaweza kutenga shilingi ngapi. Katibu aandike jibu kwenye kitabu cha kumbukumbu, msije mkasahau.