Kirukia Kwenye Avoka: Kata Tawi, Usinyofoe Majani

Wakulima wa Kibati, chini ya volkano ya Nyiragongo, inueni macho kwenye miti yenu ya avoka na mapera. Mkiona kichaka chenye majani yasiyofanana na ya mti, kimeng'ang'ania tawi lililovimba, hicho ni kirukia. Kangaga na okidi hukaa juu ya gome tu, ziacheni.

Kirukia hupenya gome na kunyonya maji na madini ya mti. Huku kwetu udongo wa mawe ya lava hupitisha maji upesi, kwa hiyo kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachoumiza zaidi: tawi hukauka kuanzia nchani, matunda hudumaa.

Wengi hupanda mtini wakanyofoa majani, wakashuka wameridhika. Ni kazi bure. Kilichomo ndani ya tawi kitachipua tena. Kata tawi lenyewe, sentimita 30 au zaidi chini ya uvimbe, kuelekea shina. Tumia msumeno, panga hupasua gome na kuacha jeraha linalooza. Anza kwa kukata kidogo upande wa chini, kisha malizia juu, tawi lisianguke likichuna gome.

Kikiwa kimeshika shina kuu, huwezi kuukata mti mzima. Kikate sambamba na gome, kisha funga mahali hapo kwa plastiki nyeusi isiyopitisha mwanga. Kagua mara kwa mara, maana huenda ikachukua hata miaka miwili. Dizeli, chumvi na dawa ya magugu msimwage kamwe: mishipa yake imeungana na ya mti, sumu itaingia kwenye mti wenu.

Fanyeni kazi hii kabla matunda ya kirukia hayajaiva. Ndege huyala, na mbegu zake zenye ulimbo hunata kwenye tawi wanalotua. Msiwaue ndege, chozi anayefyonza maua ya kirukia huchavusha na mimea mingine mingi. Vivyo hivyo, virukia vya msitu wa Virunga ni chakula cha viumbe wa hifadhi, na hatuna ruhusa ya kuvigusa.

Mti wa jirani usiposafishwa, wako utaambukizwa tena. Kwa hiyo lipelekeni jambo hili kwenye salongo, kazi yetu ya pamoja: mtaa mzima, siku moja, kila mwenye msumeno aje nao.