Kukodi Gari Casablanca: Bei Unayoiona na Pesa Utakayohitaji

Umeshapiga hesabu ya safari. Tiketi ya ndege, hoteli, chakula, na gari la kukodi kwa siku nne. Salio linatosha, na hata kuna kidogo kitakachobaki. Kisha unafika kaunta ya kukodi gari, unaambiwa bei ni ile ile uliyoiona mtandaoni, ila kabla ya kupewa ufunguo ni lazima washikilie kwenye kadi yako pesa zaidi ya mara tano ya hiyo bei. Hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Tunasema "wengi wetu" kwa sababu yametukuta. Wawili wa timu yetu tulienda Casablanca, Moroko, tukiwa na mpango wa kuzunguka jiji na kuteremka hadi El Jadida kwa gari. Kaunta tulitoa kadi yetu ya kwenye simu. Mhudumu akaitazama, akatikisa kichwa. Alitaka kadi ya plastiki yenye jina la dereva. Bahati nzuri mmoja wetu alikuwa na kadi ya benki yenye pesa za kutosha. Tukaendesha, tukafurahi, tukarudisha gari bila mkwaruzo hata mmoja. Tatizo lilitungoja Nairobi. Tarehe tano ikafika, mwenye nyumba anataka kodi yake, na zile pesa bado zimeshikiliwa. Zilichukua siku kumi na moja kurudi. Hakuna aliyetuibia na hakuna aliyekosea. Sisi ndio hatukujua mambo haya yanavyofanya kazi.

Somo la leo ni hilo. Tumechagua Casablanca kwa sababu tunaifahamu, lakini utaratibu huu utakutana nao karibu kila mji mkubwa unapokodi gari.

1. Kukatwa na kushikiliwa ni vitu viwili tofauti

Pesa ikikatwa, imetoka kwako na kwenda kwa muuzaji. Pesa ikishikiliwa, bado ni yako, lakini imefungiwa. Kampuni ya kukodi gari inaiomba benki yako iweke kiasi fulani kando, ili gari likirudi na bonde mlangoni au tanki likiwa tupu wawe na pa kukata. Gari likirudi salama, wanaiachilia.

Mwenye kadi ya mkopo hushikiliwa sehemu ya kiwango chake cha kukopa, kwa hiyo mfuko wake hauguswi sana. Lakini kama unatumia kadi ya debiti, au kadi unayoijaza pesa mwenyewe, kinachofungiwa ni pesa zako halisi. Salio linapungua siku hiyo hiyo. Kuachiliwa kwake hutegemea kampuni ya gari, benki zilizo katikati, na benki yako. Inaweza kuwa siku chache, inaweza kuwa wiki mbili au zaidi.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hawaulizi: baadhi ya ofisi hazishikilii, zinakata kabisa halafu zinarudisha baadaye. Hapo pesa yako inabadilishwa kuwa dirham, kisha inabadilishwa tena kuwa shilingi, na kiwango kinaweza kuwa kimehama. Unaweza kurudishiwa pungufu ya kilichotoka. Kwa hiyo uliza mapema, kwa maandishi: mnashikilia au mnakata?

2. Hebu tupige hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano tu, ili uone mpangilio. Tuseme dirham moja ni shilingi 13.

- Kukodi gari: dirham 350 kwa siku, siku 4 = dirham 1,400
- Mafuta, ushuru wa barabara na maegesho = dirham 800
- Dhamana itakayoshikiliwa = dirham 8,000

Utakazotumia ni dirham 2,200, yaani shilingi 28,600. Zitakazofungiwa ni shilingi 104,000. Ili safari hii isikwame unahitaji kuwa na shilingi 132,600, ingawa gharama yenyewe haifiki hata robo ya hizo.

Sasa tupunguze siku ziwe mbili. Kodi ya gari inashuka hadi dirham 700. Dhamana je? Iko pale pale, shilingi 104,000, kwa sababu kwa kawaida haihesabiwi kwa siku. Inategemea aina ya gari na bima uliyochukua. Kinachopunguza dhamana ni kuchukua gari dogo au kulipia bima pana zaidi.

Swali la kujiuliza basi si "Je, nina pesa za kukodi?" pekee. Jiulize pia: "Hizi laki moja zikikaa kifungoni wiki mbili baada ya kurudi, nitalipa kodi ya nyumba na karo kwa nini?"

3. Kadi ipi ya kuitoa kaunta?

Kadi ya kwenye simu ni nzuri kwa kununua vitu mtandaoni, na mara nyingi itakubali kulipia nafasi ya gari kabla hujasafiri. Kaunta ni habari nyingine. Kampuni nyingi hudai kadi ya plastiki, yenye jina lile lile lililo kwenye leseni ya dereva. Nyingine hudai kadi ya mkopo tu. Kadi ya rafiki yako haitakubaliwa hata kama amesimama hapo kando yako, isipokuwa yeye ndiye dereva.

Kabla ya kusafiri, fanya haya:

- Soma masharti ya kampuni kuhusu kadi. Usisome bei tu.
- Iambie benki yako kwamba utatumia kadi Moroko, na uhakikishe kikomo chake cha kila siku kinatosha dhamana.
- Weka pesa za dhamana kwenye akaunti tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani.
- Beba leseni yako ya Kenya na ile ya kimataifa, ambayo hapa nyumbani hutolewa na AA Kenya. Moroko husoma Kiarabu na Kifaransa.
- Kama hujafika miaka 25, uliza. Kampuni nyingi huongeza malipo kwa madereva vijana, na nyingine hukataa kabisa.

4. Maneno manne ya kuyatafuta kwenye mkataba

Mkataba unaweza kuja kwa Kifaransa. Usitie sahihi kabla hujaona maneno haya na tarakimu zilizo kando yake.

*Caution* ni ile dhamana. Linganisha na uliyoambiwa mtandaoni.

*Franchise* ni sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe hata ukiwa na bima. Ikiwa imeandikwa dirham 8,000 na ukagonga kitu cha dirham 10,000, wewe unalipa 8,000, bima inalipa zinazobaki. Ukigonga kitu cha dirham 3,000, zote ni zako. Ndiyo maana mara nyingi dhamana na *franchise* hukaribiana.

*Rachat de franchise* ni malipo ya ziada kwa siku ili sehemu hiyo ipungue au ifutwe. Uliza kama inagusa magurudumu, vioo na chini ya gari, kwa sababu mara nyingi hivyo huachwa nje.

*Carburant* ni mafuta. Mpango ulio salama kwa mfuko wako ni kupokea tanki likiwa limejaa na kulirudisha likiwa limejaa.

5. Mashine ikikuuliza swali, jibu dirham

Ukiingiza kadi, mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi, au dola? Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa haraka. Lakini ukiichagua, anayebadilisha pesa ni mwenye ile mashine, na anaweka kiwango anachotaka yeye. Tuseme ametumia 14 badala ya 13. Ile kodi ya dirham 1,400 inakuwa shilingi 19,600 badala ya 18,200. Shilingi 1,400 zimekwenda kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Chagua dirham. Benki yako nayo itakuwa na makato yake ya kubadilisha, kwa hiyo yaangalie kabla ya safari. Mhudumu akibonyeza kwa niaba yako, mwombe akuonyeshe skrini kwanza.

6. Barabarani, pesa taslimu ndogo ndogo

Hapa Kenya tumezoea kulipa kila kitu kwa simu, hadi mama mboga ana namba ya till. Casablanca ukiwa na gari, sarafu mfukoni ni lazima. Ukiegesha, atatokea mlinzi aliyevaa kizibao cha kung'aa na kukuongoza mahali. Huyo hupewa dirham chache unapoondoka. Ukingo wa barabara uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe usiegeshe kabisa, maana hairuhusiwi.

Barabara kuu za kwenda miji mingine hulipiwa kwenye vituo vya ushuru. Utaona njia zilizoandikwa *Jawaz*. Hizo ni za magari yenye kifaa cha kulipia cha kubandika kiooni. Kama gari lako halina, pita njia za kawaida na uwe na dirham taslimu. Zipate ukishafika Moroko, kwa sababu kutoa dirham nje ya nchi kumewekewa mipaka. Kwa sababu hiyo hiyo, usitoe nyingi kupita kiasi kwenye ATM.

Kituo cha mafuta sema neno sahihi: *gasoil* ni dizeli, *sans plomb* ni petroli. Angalia kifuniko cha tanki kwanza. Kuweka mafuta yasiyofaa ni kosa ambalo bima nyingi hazilibebi.

Na usisahau, kule wanaendesha upande wa kulia. Ndani ya mji kikomo kwa kawaida ni kilomita 60 kwa saa, na kwenye barabara kuu za kulipia 120. Ukiona kizuizi cha polisi chenye alama ya kusimama, simama kabisa. Faini ukiilipa, dai risiti.

7. Kwani unahitaji gari siku zote?

Hapa ndipo tuliokoa pesa. Casablanca, ambayo kwa Kiarabu huitwa Dar el-Beida, "nyumba nyeupe" (ni "Dar" ile ile ya Dar es Salaam), ina treni kutoka uwanja wa ndege wa Mohammed V ulio takriban kilomita 30 nje ya mji, ina tramu tangu 2012, na teksi ndogo nyekundu ziko kila mahali. Mji wa kale una vichochoro ambavyo gari halifai. Mtaa wa Habous, wenye vitabu, vitambaa na vitamu vya asali, unatembea kwa miguu. Msikiti wa Hassan II, uliofunguliwa 1993 ukingoni mwa Atlantiki na mnara wake wa takriban mita 200, unafikika kwa teksi.

Gari linakuwa na maana unapotaka kwenda mbali. Ukifuata pwani kusini-magharibi takriban kilomita 100 utafika El Jadida, mji wenye ngome ya Wareno na hifadhi ya maji ya chini ya ardhi yenye nguzo za mawe, iliyoingia orodha ya UNESCO 2004. Ukiwa umewahi kuingia Fort Jesus kule Mombasa, utawatambua wajenzi ni wale wale. Njiani unaweza kusimama Azemmour, kando ya mto Oum Er-Rbia. Siku mbili za gari zinatosha.

8. Kurudisha gari bila kuacha mwanya

Piga video ya gari zima unapolichukua na unapolirudisha: pembe zote, magurudumu, kioo, kipimo cha mafuta na kilomita. Rudisha saa za kazi ili mtu alikague ukiwepo, kisha omba karatasi iliyotiwa sahihi kwamba halina kasoro. Uliza dhamana inaachiliwa lini, uandike tarehe hiyo.

Weka karatasi zote angalau miezi mitatu. Faini ya kamera ya barabarani inaweza kuifikia kampuni baada ya wewe kurudi Kenya, nayo ikakata kwenye kadi yako. Ukiona makato usiyoyaelewa, andikia kampuni kwanza, kisha peleka malalamiko kwa benki yako pamoja na mkataba na ile video. Usingoje.

Jipime

1. Una shilingi 90,000 kwenye kadi ya debiti. Kodi ya gari ni shilingi 18,200 na dhamana ni shilingi 104,000. Utapewa ufunguo?
2. Mashine inakuuliza dirham au dola. Unabonyeza nini?
3. *Franchise* ni dirham 8,000. Umevunja taa ya dirham 2,500. Nani analipa?

Majibu: (1) Hapana, hata dhamana pekee haitoshi. (2) Dirham. (3) Wewe, zote.

Ukipata yote matatu, uko tayari. Ukikosa la kwanza, usijali, sisi pia tulilikosa. Kabla hujakata tiketi, chukua kalamu uandike mistari miwili: pesa nitakazotumia, na pesa zitakazofungiwa. Kama mstari wa pili unagusa kodi ya nyumba, panda tramu. Msikiti hautahama, na bahari pia.