Pawabenki Inapokataa Chaji



Kila msimu unapokaribia huwa twaulizwa habari za majamvi, magunia na kamba. Safari hii swali lililotufikia mara nyingi kuliko yote ni la pawabenki. Mmoja asema yake haiingii chaji, mwengine asema inaingia lakini haitoi, na wa tatu amenunua mbili katika mwaka mmoja na zote mbili amezitupa. Jambo hili si dogo. Huko mashambani msimamizi huandika hesabu ya pishi kwenye simu, na malipo mengi siku hizi hupita humo humo. Simu ikizimika jioni ya kulipana, watu waliokuwa juu ya mikarafuu tangu asubuhi hurudi kambini mikono mitupu, na hapo maneno huanza. Kwa hivyo tumeona yafaa kutoa somo zima juu ya chombo hiki.

Mengi tutakayoeleza tuliyaona Kasulu na Kibondo. Mwezi wa Julai mwaka jana Chama kilituma watu wawili nyanda za juu za mkoa wa Kigoma kutazama maharage na asali, nasi tulikuwamo katika safari hiyo. Miji hiyo miwili kwa miaka mingi ilitumia umeme wa majenereta ya dizeli, mpaka ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Lakini mtu ambaye nyumba yake iko mbali na nguzo, katikati ya migomba na mihogo, bado hutegemea paneli ndogo ya sola na pawabenki, kama sisi tunapokuwa kambini. Tena Kasulu na Pemba ziko karibu mstari mmoja katika ramani, kiasi cha nyuzi 5 kusini ya Ikweta, basi jua linavyopita kule ndivyo linavyopita hapa. Tofauti ni saa tu. Kwa kuwa Kasulu iko mbali magharibi, jua la utosini hufika kule kiasi cha dakika 38 baada ya kufika Pemba, na mgeni anayeswali adhuhuri kwa mazoea ya saa ya Wete atakuwa ameswali kabla ya wakati.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ndani ya pawabenki mna betri za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, na kando yake mna kibao kidogo cha saketi. Kibao hicho ni kama bawabu. Huizuia betri isijazwe kupita kiasi, isinyonywe mpaka ikauke, wala isitoe umeme mwingi kwa ghafla. Kwa hivyo pawabenki ikikataa, aghalabu haikufa. Bawabu amefunga mlango kwa sababu fulani, na kazi yetu ni kuitafuta sababu hiyo.

Fundi mmoja wa sokoni Kasulu, anayechaji simu za watu kwa malipo, alitufundisha kanuni moja ambayo kwa maoni yetu ndiyo nusu ya somo hili. Alisema: usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Umeme hutoka kwenye chanzo, ukapita katika kichwa cha chaja, kisha katika waya, kisha ukaingia kwenye tundu la pawabenki. Mtu akibadilisha waya na kichwa pamoja, na chaji ikaingia, hajui kibovu kilikuwa kipi, na kesho atakichukua kile kile akidhani ni kizima.

Anza na waya, maana ndio unaokufa mbele ya vyote. Hukunjwa, huvutwa, hukanyagwa, na nyuzi zake za ndani hukatika karibu na kichwa hali ngozi ya juu ni nzima. Uchukue waya huo huo uchajie simu ambayo wajua kwamba ni nzima. Simu ikikataa nayo, au ikikubali pale tu waya unapopindwa upande mmoja, basi umekwisha pata jawabu na pawabenki yako haina kosa. Tazama pia urefu. Waya mwembamba wa mita 2 ni kama mpira mwembamba wa maji: maji huingia kwa nguvu upande mmoja yakatoka kwa kudondoka upande wa pili. Chaja ya kawaida hutoa volti 5. Zikipotea nusu volti njiani, pawabenki nyengine hukataa kabisa, na nyengine huchukua siku nzima. Waya mfupi na mnene ni bora kuliko mrefu wa rangi za kupendeza. Kuna pia nyaya zenye vichwa vidogo vya mviringo pande zote mbili, vinavyoitwa Taipu C. Baadhi ya pawabenki za bei rahisi hazielewani na waya wa namna hiyo, lakini ukitia waya wenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja, chaji huingia papo hapo.

Waya ukiwa mzima, jaribu kichwa chengine cha chaja, kisha utazame tundu. Pawabenki nyingi zina tundu la kuingizia na la kutolea, nayo yameandikwa IN na OUT kwa herufi ndogo ambazo macho ya jioni hayazioni. Aliyechomeka kwenye OUT atangoja mpaka asubuhi bila ya faida. Kule Kibondo, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu hushindiliwa ndani ya tundu mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho. Kwetu sisi ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hufanya shaba iote kutu ya kijani. Safisha kwa kijiti kikavu cha meno, pawabenki ikiwa haikuchomekwa popote. Usitumie sindano wala pini, kwa sababu chuma kikigusa pande mbili kwa pamoja kinaweza kuunguza saketi. Tena nawa mikono kwanza. Mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki, na mchumaji anayeshika chombo hiki kwa mikono ya kazini kila siku asishangae ganda lake likianza kunata.

Ikiwa pawabenki ilikaa miezi bila ya kutumiwa na sasa haiwashi taa hata moja, huenda betri imeshuka mno na bawabu amefunga. Ichomeke kwenye chaja ya kawaida ya umeme wa nyumbani, wala si ya sola, uiache saa moja au mbili nawe uwe karibu. Nyingi hufufuka. Ikipita saa tatu bila ya dalili, au ikianza kupata moto bila ya kujaa, ichomoe na usiijaribu tena.

Sasa tuje kwenye sola, maana hapa ndipo penye malalamiko mengi, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Tulipokuwa kijijini nje ya Kasulu tulichomeka pawabenki kwenye paneli asubuhi, tukaenda kwenye maharage, tukarudi alasiri tukaikuta na taa moja kama tulivyoiacha. Mwenyeji wetu alicheka akasema wingu limeipita. Maana yake ni hii. Wingu likifunika jua, nguvu ya paneli hushuka na pawabenki huacha kupokea. Wingu likiondoka, pawabenki nyengine huanza tena zenyewe, lakini nyengine hubaki zimelala mpaka waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Kwa hivyo katika siku ya mawingu lazima awepo mtu wa kuitazama, hata mtoto aliyetoka skuli. Tangu siku hiyo mama wa nyumba aliichomoa na kuichomeka kila apitapo, na magharibi ilikuwa na taa tatu.

Kivuli nacho ni adui kuliko watu wanavyodhani. Vipande vya paneli vimefungwa kimoja baada ya kimoja kama ushanga, basi tawi moja likitia kivuli juu ya vipande vichache, paneli nzima hudhoofika. Usiiweke chini ya mkarafuu kwa kuogopa wezi. Iweke penye majamvi, mahali ambapo tayari pana mtu wa kuangalia karafuu. Katika Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, basi iinamishe kidogo ielekee huko. Ama pawabenki yenyewe isikae juani. Wengi huiegesha nyuma ya paneli, na hapo ndipo penye joto kuliko pote. Betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa na joto la kupita nyuzi 45 za Selsiasi, na bawabu akiona joto hilo huweza kufunga. Itie kivulini, penye hewa.

Na hesabu ifanywe kwa insafu. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 hubeba kiasi cha wati-saa 37. Paneli iliyoandikwa wati 10 mara nyingi hutoa 6 au 7 tu kwa jua zuri, na sehemu hupotea njiani, kwa hivyo huchukua zaidi ya saa sita za jua kali kuijaza. Siku moja ya mawingu haitoshi, wala hilo si kosa la chombo. Kadhalika usitazamie kwamba 10,000 itajaza mara mbili simu yenye betri ya 5,000. Betri ya ndani ni ya volti 3.7 nayo hupandishwa iwe 5, na katika kupandishwa sehemu hugeuka joto. Utapata mara moja na nusu hivi, na hiyo ndiyo haki yako.

Wengine hulalamika kwamba pawabenki yawasha kitaa kidogo cha kambini, kisha baada ya nusu dakika huzima yenyewe. Hiyo si mbovu. Kitaa kinakula umeme kidogo mno hata bawabu anadhani hakuna mtu, akafunga. Baadhi huamshwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Nyengine hazina njia hiyo, na dawa ni kuchomeka na simu pamoja nacho.

Lakini mara nyengine kosa hasa ni la dukani. Pawabenki moja tuliyopewa kutazama imeandikwa 50,000, nayo huingia katika mfuko wa shati. Hapa mkulima wa karafuu ana silaha ambayo mtu wa mjini hana, nayo ni mizani. Betri moja ya duara iliyo ya kawaida humo ndani ina uzito wa kiasi cha gramu 45, na ile nzuri kabisa hubeba kama 3,500. Kwa hivyo 10,000 ya kweli yahitaji betri tatu, yaani gramu 135 kabla ya ganda na saketi, na 20,000 yahitaji sita, gramu 270. Hiyo ya 50,000 ingelihitaji zaidi ya gramu 640 za betri tupu. Tuliipima tukapata chini ya 150. Mwenye duka akikataa isiwekwe kwenye mizani, mwachie.

Lililobaki ni la hatari. Pawabenki iliyovimba, iliyopasuka ganda, iliyoanguka majini au inayotoa harufu tamu ya dawa isichajiwe tena hata mara moja, ijapokuwa bado inafanya kazi. Betri hizi zikiwaka huwaka kwa ghafla na moto wake ni mkali. Mwezi wa Juni 2025 kampuni ya Anker iliwataka wanunuzi wa Marekani waache kutumia pawabenki zake zaidi ya milioni moja za aina ya PowerCore 10000 kwa sababu ya hatari hiyo, na Anker ni kampuni yenye jina. Basi tufikirie ghala yenye magunia ya karafuu kavu na makonyo, na kijana aliyechomeka yake juu ya gunia akalala. Twaomba tangu sasa kusiwe na kuchaji ndani ya ghala, wala juu ya godoro, wala usiku watu wakiwa wamelala. Ichajiwe sakafuni au juu ya jiwe, mbali na kitu cha kuwaka. Iliyokwisha haribika isitiwe motoni wala isitobolewe. Iwekwe nje ya nyumba ndani ya bati lenye mchanga mkavu mpaka ipatikane njia ya kuipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme. Na anayesafiri kwa ndege aitie katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo wa chini. Mashirika ya ndege huruhusu mpaka wati-saa 100 bila ya kibali, na hiyo ni kama 27,000.

Msimu ukimalizika usiiweke ikiwa tupu wala ikiwa imejaa tele. Taa mbili kati ya nne zatosha, mahali pakavu pasipo joto, na kila miezi mitatu iongezewe kidogo.

Ofisini kwetu tumeweka waya mmoja mzima, kichwa kimoja cha chaja kilichojaribiwa na mizani ndogo ya gramu. Mwanachama mwenye pawabenki ya kutiliwa shaka ailete Jumamosi asubuhi, pamoja na waya anaoutumia, tuvijaribu kimoja kimoja mbele yake.